Mgonjwa wa dialisisi anapotapika damu au kupata choo cheusi: mwongozo kamili wa matibabu

Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine akianza kuvuja damu tumboni, mambo matatu humwandama kwa mpigo. Damu inapungua. Potasiamu inapanda, kwa sababu damu iliyomwagikia tumboni humeng'enywa na kufyonzwa, na chembe nyekundu zimejaa potasiamu. Na maji ya dripu tunayompa ili kumwokoa hayana pa kutokea, maana hakojoi. Ndiyo sababu mwongozo wa kawaida wa kutibu damu ya tumbo, ule unaobandikwa ukutani chumba cha dharura, haumtoshi mgonjwa huyu. Utumie, lakini kila unapompa kitu jiulize: hiki kitatokaje mwilini?

Nawaandikia wauguzi wa vitengo vya dialisisi, pamoja na matabibu na madaktari wa hospitali za wilaya na mikoa wanaompokea mgonjwa huyu usiku, wakati bingwa wa figo yuko mji mwingine. Dozi zote ni za mtu mzima. Kuelekea mwisho nimeweka maneno ya kuwaambia ndugu.

Kwa nini huvuja kirahisi

Karatasi ya maabara inaweza kuonyesha chembe sahani (zile za kuziba jeraha) 250 na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ya 1.0, na bado damu isigande ipasavyo. Kwa mgonjwa wa figo shida haiko kwenye idadi ya chembe sahani, iko kwenye kazi yake. Sumu ambazo figo zilipaswa kuzitoa huzuia chembe hizo kushikana na kujibandika mahali mshipa ulipopasuka. Upungufu wa damu nao huongeza tatizo: chembe nyekundu zikiwa za kutosha huzisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta wa mshipa zinapohitajika; chembe nyekundu zikiwa chache, chembe sahani hubaki katikati ya mkondo.

Juu ya hayo kuna heparini tunayompa sisi wenyewe kila anapounganishwa kwenye mashine, ili damu isigande kwenye chujio. Kisha kuna dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa duka lolote la dawa, na mgonjwa wa figo ana mifupa inayouma, misuli inayokaza na kichwa kinachogonga baada ya dialisisi. Wengi wanatumia pia aspirini au klopidogreli kwa ajili ya moyo.

Vyanzo vikuu ni vidonda vya tumbo na vya duodeni, michubuko ya ukuta wa tumbo, na umio ulioungua kwa asidi. Kuna pia vishipa vidogo vilivyotanuka chini ya utando wa tumbo na utumbo, viitwavyo angiodisplazia. Hivi huonekana zaidi kwa wagonjwa wa figo kuliko kwa watu wengine, na vina tabia ya kuvuja, kuacha, kisha kuvuja tena. Kwa mgonjwa wa Kanda ya Ziwa, iwe upande wa Mwanza au wa Kisumu, fikiria pia kichocho cha tumbo, ambacho huharibu ini polepole hadi mishipa ya umio ikavimba na kupasuka. Homa ya ini B na C huweza kufikisha hapo hapo.

Kuitambua kabla haijawa dharura

Kutapika damu nyekundu au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa hakuna asiyekuona. Kinachopita bila kuonekana ni choo cheusi, kwa sababu mgonjwa huona aibu kukitaja na sisi hatuulizi. Uliza kila anapokuja kusafishwa, kabla hujachoma sindano ya fistula (mshipa wa mkononi ulioandaliwa kwa dialisisi): "Mama, choo kimekuwaje tangu Jumatatu? Kina rangi gani?" Akisema cheusi, endelea: kinanata? Kina harufu kali isiyo ya kawaida? Choo chenye damu iliyomeng'enywa ni cheusi kama lami, kinanata kwenye sinki la choo hata ukimwaga maji, na kinanuka vibaya. Choo cha anayemeza vidonge vya madini ya chuma huwa cheusi au kijani kizito, lakini kimeshikana na harufu yake ni ile ya siku zote. Ukiwa na shaka, vaa glovu upime kwa kidole. Mwangalie pia puani na mdomoni, kwa kuwa damu ya pua iliyomezwa usiku huweza kutoka asubuhi kama choo cheusi.

Dalili nyingine hujificha kwenye chati ya dialisisi. Presha inaanguka dakika ya 40 kwa mtu ambaye kwa kawaida humaliza saa nne bila tatizo. Hemoglobini imeshuka gramu 2 kwa desilita tangu mwezi uliopita ingawa sindano za erithropoietini, homoni ya kuongeza damu, hazijakatizwa. Potasiamu iko juu na mgonjwa anaapa hajagusa ndizi wala maji ya dafu. Mwamini, kisha utafute damu.

Tahadhari kuhusu presha. Mgonjwa aliyezoea 170 kwa 95 akija na 110 kwa 70, usiandike "presha nzuri". Huenda ameshapoteza damu nyingi. Mapigo ya moyo nayo hayasemi kweli kwa anayetumia atenololi, bisoprololi au karvediloli; moyo wake hauwezi kukimbia hata akiishiwa damu. Gusa mikono kama ni ya baridi, tazama kama amechanganyikiwa, muulize kama anaona kizunguzungu akiketi.

Wanaotumia alama za Glasgow-Blatchford, za kupima hatari ya mgonjwa anayevuja damu tumboni, wajue kwamba yurea ikifika milimoli 25 kwa lita, hiyo peke yake inampa mgonjwa alama 6. Mgonjwa wa dialisisi ana yurea ya juu siku zote, kwa hiyo alama hizo haziwezi kukuambia kwamba anafaa kwenda nyumbani. Mlaze wodini.

Hatua ya 1: Heparini kwanza

Kama yuko kwenye mashine, zima pampu ya heparini papo hapo na usimamishe utoaji wa maji. Mlaze chali, inua miguu, mpe oksijeni. Kama anatapika, mgeuze ubavu. Kisha mrudishie damu iliyo kwenye mirija na chujio kwa kusukuma na salaini. Ile ni damu yake, kati ya mililita 150 na 250, na leo haifai kuitupa. Sindano moja ya fistula ibaki mpaka upate mshipa mwingine.

Angalia chati uone alipewa yuniti ngapi za heparini na saa ngapi. Nguvu ya heparini ya kawaida hupungua nusu kila baada ya saa moja hadi moja na nusu. Kama alimaliza dialisisi asubuhi na sasa ni jioni, heparini ile imekwisha na hahitaji kipingamizi. Kama ameipata ndani ya saa mbili tatu zilizopita na anavuja sana, mpe protamini: miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini, isizidi miligramu 50, polepole kwa dakika 10 au zaidi, huku ukiangalia presha. Heparini za aina ya enoksaparini hutolewa na figo, kwa hiyo kwake hukaa muda mrefu zaidi, na protamini huzipunguza kwa sehemu tu.

Simamisha pia aspirini, klopidogreli, warfarini na dawa zote za presha, na uandike kwenye faili saa uliyozisimamisha. Aliye kwenye warfarini apewe vitamini K kwa mshipa polepole, na plazma ikiwa anavuja sana. Ila kama ana stenti ya moyo, au vali ya bandia, mpigie daktari wa moyo mapema, siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Mshipa wa kupitishia dawa na damu

Mkono wenye fistula hauguswi. Hakuna kanula, hakuna kutoa damu, hakuna mkanda wa presha. Nenda mkono wa pili, na uanzie mgongo wa kiganja. Mishipa ya mkono wa mbele iachwe, kwani huenda siku moja ikahitajika kwa fistula mpya. Lakini mgonjwa akiwa anakufa mbele yako, chukua mshipa wowote mkubwa unaoupata upande huo.

Kama ana katheta ya dialisisi shingoni na huna njia nyingine, unaweza kuitumia, ila kwa uangalifu ambao nautaja kwa kirefu kwa sababu ni hapa watu huumizwa. Ndani ya katheta ile kuna heparini iliyofungiwa isigande. Chukua mfano wa kitengo kinachofunga kwa heparini ya yuniti 5,000 kwa mililita. Tazama kwenye kibanio cha katheta. Utakuta imechapishwa ujazo wa kila njia, tuseme 1.6 na 1.7. Zidisha: njia moja ina yuniti 8,000, nyingine 8,500. Anayechomeka dripu moja kwa moja bila kunyonya kwanza amempa mgonjwa anayevuja damu zaidi ya yuniti 16,000 za heparini kwa mkupuo. Kwa hiyo vaa glovu safi, sugua mdomo wa katheta kwa dawa, nyonya mililita 5 kutoka kila njia, tupa, ndipo uunganishe. Na ukimaliza ifunge kwa salaini au sitreti ya asilimia 4, siyo heparini.

Damu ya maabara itolewe sasa: hemoglobini na chembe sahani, potasiamu, INR, kundi la damu na kuoanisha angalau yuniti mbili. Fanya kipimo cha umeme wa moyo hapo hapo, usisubiri majibu ya potasiamu.

Hatua ya 3: Maji kidogo kidogo, damu kwa kipimo

Mpe mililita 250 za salaini au Ringa, kisha simama upime tena: presha, mikono, pumzi, mapafu. Bado ana mshtuko? Mililita 250 nyingine. Watu wengi huogopa Ringa kwa sababu ina potasiamu, lakini kiasi chake ni kidogo, kama milimoli 4 au 5 kwa lita, na salaini nyingi huongeza asidi mwilini ambayo nayo hupandisha potasiamu. Ringa inafaa, ila isipite mrija mmoja na damu, kwa kuwa kalsiamu yake huigandisha.

Damu ya kuongezewa ndiyo tiba halisi. Kwa mgonjwa ambaye presha imetulia, mwongezee damu hemoglobini ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita. Mwenye ugonjwa wa moyo, chini ya 8. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 921 wa damu ya tumbo, ulionyesha kuwa walioongezewa damu kwa kikomo cha 7 waliishi zaidi kuliko wale wa kikomo cha 9. Ulikuwa umewaacha nje waliokuwa wakimwaga damu kwa wingi, na nawe usitumie namba hizo kwa mtu anayejaza beseni. Huyo mpe damu bila kungoja karatasi, maana hemoglobini ya saa ya kwanza hudanganya: damu inayotoka na inayobaki zina uzito mmoja hadi maji yaingie.

Omba benki ya damu ikupe iliyochangwa karibuni. Damu inavyokaa kwenye jokofu ndivyo potasiamu inavyovuja kutoka kwenye chembe. Aliyetulia akihitaji damu, mahali pazuri pa kumpa ni kwenye mashine wakati wa dialisisi isiyo na heparini, ili maji na potasiamu ya chupa ile vitoke papo hapo. Na kama yuko kwenye mpango wa kupandikizwa figo, ulizia damu iliyochujwa chembe nyeupe, kwa kuwa kila chupa huweza kumjengea kinga zitakazokataa figo ya ndugu yake baadaye. Ikikosekana na maisha ya mgonjwa yamo hatarini, mpe iliyopo.

Hatua ya 4: Potasiamu

Kilele kirefu chenye ncha kwenye kipimo cha umeme wa moyo, au mawimbi yaliyopanuka, hutibiwa kabla ya majibu. Kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 kwa mshipa, dakika 5 hivi. Rudia baada ya dakika 5 hadi 10 kama mchoro haujabadilika. Inaulinda moyo kwa muda wa nusu saa hadi saa moja tu na haipunguzi potasiamu. Kisha insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na gramu 25 za glukosi, yaani mililita 50 za glukosi ya asilimia 50. Kwa asiye na figo insulini hukaa, hivyo pima sukari kila saa kwa saa sita. Kwa mwembamba au asiye na kisukari, wengi hutumia yuniti 5, nami naona ni busara. Salbutamoli ya kuvuta husaidia, lakini huongeza mapigo kwa moyo ambao tayari hauna damu ya kutosha. Poda za resini za kufunga potasiamu ziache, huchubua utumbo.

Usipitishe kalsiamu na seftriaksoni kwenye mrija mmoja. Hugandana na kuwa chembe.

Hatua ya 5: Dawa za tumbo, na zile za kuziacha

Omeprazoli, pantoprazoli au esomeprazoli, miligramu 80 kwa mshipa mara moja. Baada ya hapo miligramu 8 kwa saa kwa pampu, au kama pampu haipo, miligramu 40 kila baada ya saa 12. Dozi haipunguzwi kwa ajili ya figo.

Sasa zile za kuacha. Asidi ya traneksamiki imekuwa mazoea ya kuchomwa kila anayevuja damu. Utafiti mkubwa uitwao HALT-IT, uliochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 12,009 katika nchi 15, haukuona kwamba inapunguza vifo vya damu ya tumbo. Uliona degedege na damu kuganda kwenye mishipa vikiongezeka. Hao walikuwa wengi wao na figo zinazofanya kazi. Dawa hii hutolewa kwa mkojo. Kwa asiyekojoa inalundikana, anapata degedege, na fistula yake inaweza kuganda. Usimpe.

Vidonge na dawa za maji za kutuliza asidi zenye magnesiamu au aluminiamu, ikiwemo magnesiamu trisiliketi iliyo karibu kila zahanati, si zake, maana madini hayo hayana njia ya kutoka. Sukralfati nayo ina aluminiamu. Pethidini kwa maumivu au kwa usingizi wa endoskopi (kipimo cha kamera tumboni) iachwe. Mabaki yake huleta degedege. Metoklopramidi ikihitajika iwe nusu dozi.

Hatua ya 6: Kuzisaidia chembe sahani

Dialisisi yenyewe ni tiba, kwa kuwa hupunguza zile sumu. Kuongeza damu nako ni tiba. Hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ikikaribia asilimia 30, yaani hemoglobini ya 10 hivi, chembe sahani hufanya kazi vizuri zaidi. Hapa kuna mvutano na kikomo cha 7 nilichotaja. Rai yangu: anza na 7, lakini anayeendelea kuvuja licha ya omeprazoli na endoskopi, mpandishe taratibu kwenye mashine.

Desmopresini, pale inapopatikana, ni mikrogramu 0.3 kwa kilo ndani ya mililita 50 za salaini, kwa nusu saa. Huanza kazi ndani ya saa moja na kudumu saa kadhaa, kwa hiyo ipange kabla tu ya endoskopi. Dozi ya pili na ya tatu hazifanyi kazi vizuri kama ya kwanza kwa sababu akiba ya mwili inakuwa imekwisha. Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo asipewe bila kufikiriwa vizuri. Ikikosekana, krayopresipiteti (sehemu ya plazma yenye vigandishi) yuniti 10 hufanya kazi inayofanana. Kuongeza chembe sahani zenyewe hakuna faida kubwa kama idadi iko sawa, kwani zile mpya nazo huharibiwa na sumu zile zile.

Hatua ya 7: Dialisisi bila heparini

Swali la kwanza ni lini. Mgonjwa mwenye mshtuko asiunganishwe, mtulize kwanza. Aliyetulia na potasiamu yake ni nzuri anaweza kusubiri siku moja, hasa akisafishwa mara tatu kwa wiki. Mwenye potasiamu inayorudi juu baada ya insulini, mwenye maji kwenye mapafu au asidi kali hana nafasi ya kusubiri, hata kama bado anavuja.

Osha mirija na chujio kwa salaini tupu, bila heparini ndani yake. Kama kitengo chenu huchanganya heparini kwenye maji ya kuoshea, mwaga na uoshe upya kwa lita nzima. Endesha damu kwa mililita 250 hadi 300 kwa dakika au zaidi kama fistula inaruhusu, kwani damu inayokwenda polepole huganda. Kila nusu saa, au kila dakika 15 kama inaonyesha kuganda, bana mrija wa damu inayotoka kwa mgonjwa, fungua salaini, ingiza mililita 100 hadi 200. Usigeuze uso wakati huo. Chujio linapaswa kubadilika kutoka wekundu na kuwa jeupe. Ukiona mistari myeusi imebaki katikati ya nyuzi, huko damu imeshaanza kuganda. Inua taa uangalie na chumba cha mrija wa kurudishia: povu zito, pete nyeusi ukutani, kisha presha ya mrija huo kupanda, ni onyo la dakika chache. Mrudishie damu mapema ubadilishe chujio, kuliko kupoteza yote iliyo ndani kwa kuchelewa.

Salaini ile yote inaingia mwilini, kwa hiyo ihesabu. Mililita 200 kila nusu saa kwa saa tatu ni lita 1.2, na lazima iongezwe kwenye lengo la maji ya kutoa. Kusahau hesabu hii ndiko kunakofanya mgonjwa arudi usiku akihema. Saa tatu zatosha kwa siku ya kwanza. Potasiamu ya maji ya dialisisi isiwe chini mno, na maji yasitolewe kwa pupa. Presha ikianguka tumbo linakosa damu na kidonda kinazidi.

Anayefanya dialisisi ya tumboni aendelee nayo, haihitaji heparini ya mshipa.

Hatua ya 8: Endoskopi

Ifanyike ndani ya saa 24 baada ya mgonjwa kutulia. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kuikimbiza ndani ya saa 6 hakukuokoa watu zaidi. Tumia muda huo kushusha potasiamu na kumwezesha kulala chali bila kukosa pumzi. Eritromaisini miligramu 250 kwa mshipa, nusu saa hadi saa moja na nusu kabla, husafisha tumbo ili daktari aone; angalia kwanza mchoro wa moyo.

Kidonda kinachotoa damu au chenye mshipa unaoonekana kichomwe adrenalini na kuongezewa njia ya pili, klipu au joto. Adrenalini peke yake haitoshi, hasa kwa mgonjwa huyu. Vishipa vya angiodisplazia huunguzwa kwa gesi ya agoni. Daktari asipoona chanzo na mgonjwa anaendelea kupoteza damu, ubaya huenda uko ndani zaidi ya utumbo mwembamba. Asiandikiwe "endoskopi ya kawaida" akaachwa.

Kama hospitali yako haina endoskopi, piga simu ya rufaa mapema, na andika kwenye barua mambo haya: siku na saa ya dialisisi ya mwisho, heparini aliyopata, uzito wake mkavu (uzito bila maji ya ziada), mkono wenye fistula, potasiamu ya mwisho na chupa za damu alizopewa. Mpeleke hospitali yenye vyote viwili, endoskopi na mashine.

Ukishuku mishipa ya umio, yaani bandama kubwa, maji tumboni au historia ya kichocho, usisubiri kuthibitisha. Oktreotaidi mikrogramu 50 kwa mkupuo kisha mikrogramu 50 kwa saa, na seftriaksoni gramu 1 kwa siku. Dozi hazibadiliki kwa ajili ya figo. Mishipa hiyo hufungwa kwa mipira wakati wa endoskopi.

Siku tatu za mwanzo na wiki zinazofuata

Saa 72 za kwanza ndizo za kuvuja tena. Aliyetibiwa kidonda kikubwa aendelee na dawa ya asidi kwa mshipa siku hizo tatu, kisha vidonge mara mbili kwa siku hadi wiki mbili, halafu mara moja hadi wiki nane. Akivuja tena, endoskopi ya pili. Ikishindikana, kuziba mshipa kwa waya au upasuaji. Mwenye kidonda cha tumbo lenyewe arudiwe endoskopi baadaye kuhakikisha si saratani.

Aspirini ya mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana irudishwe mapema, kwa kawaida siku ya 1 hadi ya 3 baada ya damu kusimama, pamoja na dawa ya asidi. Ile aliyopewa "kwa kinga tu" isirudi. Anayetumia klopidogreli ni bora apate pantoprazoli kuliko omeprazoli. Heparini ya mashine isirudishwe kwa mazoea; endelea bila heparini hadi hemoglobini isimame na aliyefanya endoskopi aridhike, ndipo uanze na dozi ndogo kabisa. Andika kwenye jalada la mbele la faili kwa wino mwekundu, kwa sababu zamu ya Jumapili haijui kilichotokea Alhamisi.

Uzito mkavu upimwe upya. Mtu aliyekaa siku tano bila kula amepungua nyama, na uzito wa zamani sasa una maji ndani yake. Madini ya chuma apewe kwa mshipa, na erithropoietini iongezwe huku presha ikiangaliwa.

Kuhusu ndugu, keti nao kabla hajaruhusiwa. Mwambie binti yake au mkewe dawa zinazokatazwa kwa majina ya pakiti anazozijua, na umwombe alete mfuko wote wa dawa wa nyumbani, pamoja na za mitishamba. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Akienda kung'oa jino au kutibiwa mgongo zahanati, aseme kwanza kwamba anasafishwa damu na hapaswi kuchomwa sindano ya diklofenaki. Choo cheusi kinachonata ni safari ya hospitali usiku huo huo, hata kama zamu yake ya mashine ni kesho. Wauguzi tusiwakaripie wanaokiri kwamba walimeza dawa za maumivu. Maumivu yao ni ya kweli, na tukiwakaripia, safari ijayo hawatasema.

Vimelea vya tumbo, *Helicobacter pylori*, vipimwe kwa kila mwenye kidonda. Kipimo kilichofanywa wakati anavuja kikisema hakuna, kirudiwe, kwa kuwa damu na dawa ya asidi huvificha. Tiba ni siku 14: dawa ya asidi, amoksilini iliyopunguzwa dozi na klarithromaisini nusu dozi, na siku za dialisisi anywe baada ya kutoka kwenye mashine. Bismuthi na tetrasaiklini ziepukwe. Klarithromaisini ikikutana na amlodipini au nifedipini presha huweza kuanguka ghafla, na ikikutana na simvastatini huweza kuyeyusha misuli, basi simvastatini isimamishwe wiki hizo mbili na presha ipimwe nyumbani. Uthibitisho kwamba vimelea vimekwisha ni kipimo cha choo, angalau wiki nne baada ya antibiotiki na wiki mbili baada ya kusimamisha dawa ya asidi. Kile cha damu kitaendelea kusoma ndiyo kwa muda mrefu hata vikiwa vimeondoka. Mpangie tarehe hiyo kabisa kwenye kadi, ilingane na siku yake ya dialisisi, asilipe nauli mara mbili.